Uswidi nje ya riwaya za upelelezi: vitabu ninavyovitafutia wasomaji

Tarehe 7 Oktoba 2021, Akademi ya Uswidi ilipomtangaza Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, watu wengi wa kwetu walianza kulitaja jiji la Stockholm kana kwamba ni mtaa wa pili. Baadhi ya riwaya zake zilikuwa zimeshatafsiriwa kwa Kiswidi kabla ya siku hiyo, maana yake wapo Waswidi waliomsoma mwenzetu wakati wengi wetu hatujamsoma bado. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali la upande wa pili: sisi tumewasoma wao kiasi gani? Ninapouliza miongoni mwa ndugu na marafiki, jibu huwa ni lile lile. Stieg Larsson, aliyefariki mwaka 2004 kabla riwaya yake ya kwanza haijatoka, na Henning Mankell, ambaye aligawa maisha yake kati ya Uswidi na Maputo, alikoongoza jumba la maigizo la Teatro Avenida. Nawaheshimu wote wawili, na Mankell nampenda. Lakini kumjua Mswidi kwa njia ya maiti na mpelelezi peke yake ni kumjua kwa kipande.

Naishi Göteborg, na vitabu vingi ninavyovisoma naviazima bure katika maktaba ya umma, kama anavyoweza kufanya mkazi yeyote wa mji huu. Kila Septemba mji hujaa waandishi na wachapishaji wanaokuja kwenye maonyesho makubwa ya vitabu yaliyoanza mwaka 1985, na kila Novemba hutolewa Tuzo ya August, ambayo tangu mwaka 1989 imekuwa ndiyo tuzo inayozungumzwa zaidi nchini, ikibeba jina la mwandishi August Strindberg. Tuzo hiyo imenisaidia kuchagua, ingawa siifuati kama sheria. Jambo ambalo limenidhihirikia kadiri ninavyosoma ni kwamba maandishi yenye nguvu zaidi ya Kiswidi katika miaka hii hayatoki katikati ya nchi, kwenye sebule za watu wenye nafasi zao huko Stockholm. Yanatoka pembezoni: kwa Wasami wa kaskazini, kwa watoto wa wahamiaji waliokulia kwenye maghorofa ya viunga vya miji, kwenye vijiji vinavyokaukiwa na watu, na kwenye visiwa vya Ufini ambako Kiswidi ndicho lugha ya mama. Vitabu ninavyovitaja hapa, isipokuwa nitakaposema vinginevyo, vinapatikana pia kwa Kiingereza, kwa hiyo asiyejua Kiswidi hana sababu ya kuvikosa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ningemwomba aanze na Johannes Anyuru, aliyezaliwa Borås mwaka 1979, mama Mswidi na baba Mganda. Riwaya yake En storm kom från paradiset, iliyotoka mwaka 2012, inasimulia maisha ya baba yake, ambaye ndani ya kitabu anaitwa P tu. Kijana huyu alipelekwa Ugiriki kufunzwa urubani wa ndege za kivita. Akiwa huko, Januari 1971, Idi Amin akampindua Milton Obote. Wenzake wakaitwa warudi nyumbani. Yeye akaona kurudi ni kujipeleka kwenye mauti, akatoroka jeshini, akapita Roma, akapata kazi ya kuendesha ndege za kunyunyizia mazao dawa nchini Zambia. Alipokanyaga Zambia alikamatwa, kisha akapelekwa Tanzania, na huko akahojiwa kama mtu anayeshukiwa kuwa jasusi.

Hapa ndipo kitabu kinapomgusa msomaji wa kwetu kwa namna ambayo msomaji wa Stockholm hawezi kuguswa. Sisi tumeisoma historia ile kutoka upande mwingine. Tunajua kwamba Obote alipewa hifadhi Dar es Salaam, kwamba wafuasi wake walijaribu kuivamia Uganda kutokea ardhi ya Tanzania mwaka 1972 wakashindwa, na kwamba uhasama ule ulifikia kilele chake katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Katika masimulizi tuliyozoea, Tanzania ni nchi iliyofungua mlango. Anyuru anatuonyesha mtu mmoja aliyekuwa ndani ya chumba nyuma ya mlango huo, akiulizwa swali moja kwa kurudiarudia: kwa nini umerudi? Hakuna jibu linalotosha. Mtu aliyeikimbia serikali ya Amin hawezi kuthibitisha kwamba aliikimbia, maana kila ushahidi wa kutoroka unaweza kusomwa pia kuwa ushahidi wa kutumwa. Anayehoji naye si zimwi, ana sababu zake za kuwa na hofu, na mwandishi hamnyimi sababu hizo. Sijui riwaya nyingine, katika lugha yoyote ninayoisoma, inayokionyesha kipindi kile kwa karibu namna hiyo, na inanisikitisha kwamba haijulikani Arusha wala Kampala kama inavyostahili.

Kitabu hicho kina wakati mwingine ndani yake, wakati wa mwana, ambaye yuko Uswidi na baba yake ni mgonjwa. Sura zinapishana. Mwana anajaribu kukusanya kile ambacho baba amekaa nacho kimya, na Kiswidi anachokiandika kina pumzi ndefu ya mshairi, kwa kuwa Anyuru alianzia kwenye ushairi kabla ya kuandika riwaya. Ukimaliza hicho, endelea na De kommer att drunkna i sina mödrars tårar, kilichompatia Tuzo ya August mwaka 2017. Kinaanza na vijana watatu wanaovamia duka la vitabu vya katuni hapa Göteborg, wakati mchoraji anayemchora Mtume yuko humo akizungumza na wasomaji wake. Mmoja wao, msichana, anashikwa na hisia kwamba ameshaiona siku hii na matokeo yake. Baadaye, akiwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, anamkabidhi mwandishi mmoja Mwislamu karatasi alizoziandika, akidai kwamba ametoka katika Uswidi ya siku zijazo ambako raia Waislamu wanafungiwa katika mahali paitwapo Kaningården. Ni riwaya ya kubuni wakati ujao, lakini khofu iliyomo ni ya leo, na mzazi yeyote mhamiaji anayelea watoto Ulaya ataitambua kabla hajafika ukurasa wa 50.

Kitabu cha pili ambacho ningependa kukaa nacho ni Ædnan cha Linnea Axelsson, kilichoshinda Tuzo ya August mwaka 2018. Ni shairi moja la kurasa zaidi ya 700, linalosimulia karne nzima ya familia mbili za Wasami, wenyeji wa kale wa kaskazini ya Skandinavia. Sisi tuliolelewa na tenzi hatuhitaji kuelezwa kwamba hadithi ndefu ya watu inaweza kubebwa na beti. Wasomaji wengi wa Ulaya siku hizi huona ajabu shairi kuwa refu hivyo, wakati kwetu utenzi ndio umekuwa chombo cha vita, cha dini, cha wosia na cha historia. Tofauti iko kwenye umbo. Axelsson hana mizani minane wala bahari inayorudi mwishoni mwa kila ubeti. Mistari yake ni mifupi sana, mara nyingine maneno mawili au matatu, na sehemu kubwa ya ukurasa ni nyeupe. Mwanzoni nilidhani nitamaliza haraka kwa sababu maneno ni machache, kumbe weupe ule unamlazimisha msomaji kusimama, na kila anaposimama anahisi uzito wa lile ambalo mzungumzaji ameshindwa kulisema.

Simulizi linaanza miaka ya 1910 na Ristin na mumewe Ber-Joná, wafugaji wanaohama na kundi lao la kulungu wa kaskazini, wanyama wenye pembe za matawi ambao kwa Wasami ni kama ng'ombe kwa Mmasai, kutoka bara la Uswidi hadi pwani ya Norwei kila mwaka. Norwei ilikuwa imejitenga na Uswidi mwaka 1905, na mpaka uliokuwa mstari tu kwenye ramani ukageuka kuwa ukuta. Mkataba wa 1919 kati ya serikali hizo mbili ulipunguza malisho, na familia zikahamishwa kwa nguvu kwenda kusini, kwenye ardhi wasiyoijua na iliyokuwa na wenyewe. Baadaye yanakuja mabwawa ya umeme wa maji yanayozamisha malisho na makazi. Inakuja shule ya bweni ya watoto wa wafugaji, ambako Lise anajifunza kuacha lugha ya wazazi wake, na akishakuwa mtu mzima hana lugha ya kumpa binti yake Sandra. Binti huyo wa kizazi cha tatu ndiye anayegeuka nyuma kudai. Nje ya kitabu, jamii ya wafugaji ya Girjas iliishtaki serikali ya Uswidi kuhusu haki ya uwindaji na uvuvi katika eneo lake, na Mahakama ya Juu ikawapa ushindi Januari 2020, miaka miwili baada ya shairi kuchapishwa.

Msomaji wa kwetu ataijua habari hii bila kufundishwa. Mpaka uliochorwa na watu wasioishi hapo, wafugaji wanaoambiwa kwamba ardhi wanayopitia si yao kwa sababu hawana hati, mtoto anayeadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani: tumeyaona. Kilichonishtua ni kuyakuta ndani ya nchi ambayo kwetu inajulikana kama mfadhili wa visima, shule na haki za binadamu. Uswidi ndiyo nchi iliyofungua taasisi ya serikali ya kuchunguza mbari za watu, huko Uppsala, mwaka 1922, na Wasami walikuwa miongoni mwa waliopimwa vichwa na kupigwa picha. Axelsson hahubiri juu ya hilo. Anamwacha mama asimulie alivyosimama pale, basi.

Anayeona shairi la kurasa 700 ni mlima asikate tamaa, kwa maana kuna njia nyingine ya kufika huko. Riwaya Stöld ya Ann-Helén Laestadius, ya mwaka 2021, inasomeka kwa kasi ya riwaya ya kusisimua. Elsa, msichana wa miaka tisa, anamkuta mtu ameua ndama wake wa kulungu. Mtu yule anampa ishara kwamba akisema naye atauawa, na mtoto anakaa na siri hiyo hadi utu uzima, huku mauaji ya wanyama yakiendelea na polisi wakifunga jalada moja baada ya jingine, kwa kuwa kisheria kuua kulungu wa mtu kunahesabiwa kuwa wizi tu. Laestadius mwenyewe ni Msami na alikuwa mwandishi wa habari, na kesi halisi za polisi ndizo zilizomlisha. Filamu yake ilitoka mwaka 2024. Kama kazi ya sanaa, Ædnan ni kubwa zaidi, lakini Stöld ndiyo ninayompa mtu ambaye hajazoea kusoma.

Katika ushairi kuna vitabu viwili vingine nisivyoweza kuviacha. Cha kwanza ni Osebol cha Marit Kapla, kilichoshinda Tuzo ya August mwaka 2019. Osebol ni kijiji kando ya mto Klarälven, mkoani Värmland, na Kapla alikulia hapo. Alirudi akawahoji karibu watu wazima wote waliobaki, takriban 40, akachukua maneno yao kama yalivyotamkwa, akafuta maswali yake, akayapanga kwa mistari mifupi kama shairi. Kila msemaji anatajwa kwa jina, kisha anazungumza: kuhusu kazi ya msituni, kuhusu duka lililofungwa, kuhusu mume aliyetangulia, kuhusu jirani aliyehamia kutoka mbali. Mtu anasema jambo zito kwa maneno manne, kisha anahamia kwenye habari ya theluji. Ukikisoma polepole utaanza kuwasikia wazee wa kijiji chako, na kwa kweli natamani mtu mwenye subira akifanye kitabu cha namna hii huko Pare au Lamu, wakati wazee bado wapo.

Cha pili ni Vitsvit cha Athena Farrokhzad, cha mwaka 2013, kitabu chembamba ambacho familia moja iliyohamia kutoka nje inasema kwa zamu. Mama alisema, baba alisema, kaka alisema, bibi alisema, mjomba alisema. Farrokhzad alizaliwa Tehran mwaka 1983 akakulia Göteborg. Mistari imechapwa kwa herufi nyeupe juu ya vipande vyeusi, hata ukurasa unaonekana kama barua iliyofutwa na mkaguzi wa serikali, ila hapa kilichofutwa ndicho kinachosomeka. Kila mmoja katika familia anadai kwamba ameumia kuliko mwenzake, na binti anayeandika hasemi lolote la kujitetea.

Sijasema tuzitupe riwaya za upelelezi. Nasema tuchague zilizo bora. Åsa Larsson, aliyekulia Kiruna, alimaliza mfululizo wake wa vitabu sita kwa Fädernas missgärningar mwaka 2021. Mwili wa mtu aliyepotea tangu 1962 unakutwa ndani ya friza. Mwanawe, aliyewahi kuwa bingwa wa ndondi, amezeeka bila kujua baba alikwenda wapi, na kisheria muda wa kushtaki umeshapita. Kiruna yenyewe ni mji unaohamishwa kwa sababu mgodi wa chuma unakula ardhi iliyo chini yake. Agosti 2025 kanisa lake la mbao, lililofunguliwa mwaka 1912, lilibebwa zima zima juu ya magari ya matela kwa umbali wa kilomita 5. Larsson anaujua mji huo hadi uvunguni, na anaandika juu ya uzee, ulevi na ndugu wasiosameheana kwa ukweli ambao haupatikani katika vitabu vinavyoandikwa kwa ajili ya televisheni.

Niklas Natt och Dag naye, katika 1793, amechanganya upelelezi na historia. Ni Stockholm ya mwaka huo, mwaka mmoja na zaidi baada ya Mfalme Gustav III kuuawa mwaka 1792, na serikali inaogopa mapinduzi ya Ufaransa yasivuke bahari. Mlinzi mwenye mkono wa mbao, Mickel Cardell, aliyeupoteza mkono wake vitani, anaopoa majini mwili usio na mikono, miguu, macho wala ulimi. Anayeitwa kuchunguza ni mwanasheria Cecil Winge, anayekufa polepole kwa kifua kikuu. Kitabu kina sehemu nne na wakati unarudi nyuma, kutoka vuli hadi kiangazi hadi majira ya kuchipua, kabla ya kurudi kwenye baridi. Sehemu ya Anna Stina Knapp, msichana maskini anayehukumiwa bila kosa na kutupwa katika nyumba ya kusokotea nyuzi, ndiyo iliyonifanya nikimalize. Natoa tahadhari kwamba kina ukatili mwingi, na msomaji asiyependa kusimuliwa mateso akiache kando bila kujilaumu.

Juu ya riwaya za maisha ya kawaida nitapita haraka kidogo, si kwa kuwa ni dhaifu, bali kwa sababu hizi ndizo zinazojitangaza zenyewe. Fredrik Backman anasomwa duniani kote tangu En man som heter Ove ya mwaka 2012, na filamu ya Kimarekani iliyotokana nayo ilimweka Tom Hanks kwenye nafasi ya yule mzee mkali. Ni kitabu cha huruma, kizuri kwa anayeanza kujifunza Kiswidi, lakini kinamwongoza msomaji kwa mkono kila hatua. Jonas Hassen Khemiri, mwenye baba Mtunisia, anamwamini msomaji zaidi. Katika Allt jag inte minns, iliyopata Tuzo ya August mwaka 2015, kijana aitwaye Samuel amekufa katika ajali ya gari, na waliomjua wanatoa ushahidi unaopingana, hata unabaki ukijiuliza kama yupo yeyote aliyemjua kweli.

Ninaupenda zaidi utulivu wa Ia Genberg katika Detaljerna, iliyoshinda tuzo hiyo mwaka 2022. Mwanamke amelala na homa, anachomoa rafuni kitabu cha zamani, anakuta maneno aliyoandikiwa na mpenzi wake wa zamani, na kutoka hapo anawakumbuka watu wanne waliompitia maishani. Hakuna kisa kikubwa, na wanne hao wanatosha kabisa kumchora yeye ambaye hajichori. Lisa Ridzén naye, katika Tranorna flyger söderut ya mwaka 2024, amemwandika Bo, mzee wa huko Jämtland anayeelekea ukingoni mwa maisha yake. Mkewe amepoteza kumbukumbu na yuko katika nyumba ya kulelea wazee. Bo amehifadhi skafu yake ndani ya chupa yenye kifuniko ili harufu isipotee, na kadiri vidole vinavyoisha nguvu, kuifungua chupa hiyo kunakuwa kazi. Mwanawe Hans anataka kumwondoa mbwa aitwaye Sixten kwa kuwa baba hawezi tena kumtembeza. Katikati ya sura kumewekwa maandishi mafupi ya wahudumu wanaokuja nyumbani: amekula nini, amekataa nini, amelala saa ngapi. Wapo wenzetu wengi Ulaya wanaofanya kazi hiyo ya kuhudumia wazee majumbani na kuandika ripoti kama hizo kila zamu, na nadhani hakuna kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi kazi yao inavyoonekana kutoka kitandani.

Kwa wasiopenda hadithi za kubuni, kuna Ålevangeliet cha Patrik Svensson, cha mwaka 2019, kitabu juu ya samaki aina ya mkunga. Najua linavyosikika, lakini naomba mniamini. Svensson anapishanisha sura za utoto wake, akitega mikunga usiku na baba yake kwenye kijito cha Skåne, na sura za sayansi juu ya kiumbe aliyewashinda wataalamu tangu enzi za Aristotle. Sigmund Freud, akiwa kijana, mwaka 1876 alikwenda Trieste akapasua mikunga mmoja baada ya mwingine akitafuta korodani zao. Johannes Schmidt wa Denmark alianza mwaka 1904 kuyafuatilia makinda baharini, akitafuta yaliyo madogo zaidi na zaidi, hadi yalipomfikisha Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya pili ya Atlantiki. Mpaka leo hakuna aliyewahi kumwona mkunga akizaliana huko. Mito ya Afrika Mashariki nayo ina mikunga wa jamii hiyo hiyo, wanaopanda mtoni wakitokea Bahari ya Hindi, na nilipokimaliza kitabu nilitamani kusoma habari zao zikiandikwa kwa uangalifu kama huu, na mtu wa Rufiji au Tana.

Katika riwaya za dunia za kubuni nataja moja tu, Amatka ya Karin Tidbeck, ya mwaka 2012. Watu wanaishi katika makoloni ambako kila kitu lazima kiandikwe jina lake na kutamkwa mara kwa mara, la sivyo kinayeyuka kuwa ute. Mswaki ni lazima uambiwe kuwa ni mswaki. Vanja, mtumishi wa serikali aliyetumwa kuchunguza soko la bidhaa za usafi, anaanza kuacha kutamka. Ni kitabu kifupi, chenye baridi na njaa ndani yake, na kinasema mengi juu ya utawala unaoshikilia maneno.

Kiswidi si mali ya Uswidi peke yake. Takriban asilimia 5 ya watu wa Ufini wanakizungumza kama lugha yao ya kwanza, na visiwa vya Åland vinajitawala kwa lugha hiyo. Ulla-Lena Lundberg alizaliwa huko, katika kisiwa cha Kökar, mwaka 1947, na riwaya yake Is ilishinda Tuzo ya Finlandia mwaka 2012. Mchungaji kijana, Petter Kummel, anafika kisiwani na mkewe Mona na mtoto wao mchanga mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kisiwa kizima kinawapokea. Mwenye kumbukumbu ya mwambao wetu atafurahia jinsi maisha yote yanavyokwenda kwa bahari: boti ya barua, uvuvi, ng'ombe wanaovushwa kwa mashua, msiba unaoletwa na upepo. Kuna mtu anayepeleka barua anayewasikia wakazi wa bahari wa zamani wakimwonya mahali pa kupita. Mona, mke wa mchungaji, anayekamua, anayepika, anayekasirika na kupenda kwa nguvu zile zile, ni mmoja wa wanawake waliochorwa vizuri zaidi kati ya wote niliowakuta katika fasihi ya Kaskazini. Wa Ufini pia ni Monika Fagerholm, aliyepata Tuzo ya Fasihi ya Baraza la Nordiki mwaka 2020 kwa Vem dödade bambi?, riwaya juu ya ubakaji uliofanywa na vijana wa familia zenye fedha na jinsi mtaa mzima ulivyolifunika jambo hilo. Sentensi zake zinakatika na kurudi, na ni ngumu. Nashauri isomwe baada ya kuzoea.

Watoto nao wasisahaulike. Jakob Wegelius anaandika na kuchora mwenyewe, na mhusika wake Sally Jones ni gorila aliyezaliwa katika msitu wa Afrika, akaibwa akiwa mdogo na kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Hawezi kusema, lakini anaelewa kila kitu, anasoma, anaandika kwa taipureta, na ni fundi mahiri wa injini za meli. Habari za utoto wake zimo katika Legenden om Sally Jones, cha mwaka 2008. Katika Mördarens apa, kilichoshinda Tuzo ya August ya vitabu vya watoto na vijana mwaka 2014, rafiki yake nahodha Henry Koskela anahukumiwa huko Lisbon kwa kumuua mtu ambaye mwili wake haujapatikana, na Sally Jones, akiwa amejificha kwa mwimbaji wa fado na fundi wa akordioni, anaanza safari inayomfikisha hadi India kumtafuta huyo anayesemekana amekufa. Ninakipenda kwa sababu mnyama aliyetolewa Afrika ndiye anayesimulia, na kila anayekutana naye anapimwa kwa jinsi anavyomtendea yeye asiyeweza kujibu kwa mdomo. Kuna picha ya kila mhusika mkuu mwanzoni mwa kitabu, jambo linalomsaidia sana mtoto kukumbuka majina ya Kireno na ya Kihindi. Ningeanza na kile kifupi cha mwaka 2008, ambacho kina michoro karibu kila ukurasa, kisha kile kikubwa. Vyote viwili vimetafsiriwa kwa Kiingereza, na mtoto wa darasa la sita anayeisoma vizuri lugha hiyo ataviweza.